Mahindi Mapya Jikoni kwa Metrine

Kila asubuhi Metrine alipangusa picha ya kilima kwenye ukuta wa sebule. Nyumba aliyofanya kazi za ndani ilikuwa Al-Murabba, Riyadh. Kilima kilikuwa cha kijani, juu kimesawazika kama meza. Akikitazama sana, aliona moshi, akasikia wanawake wakicheka shambani. Kisha madam aliita, "Yalla, Metrine, haraka," na ndoto ikakatika.

Alasiri moja alikuwa jikoni akichoma mahindi. Gilbert, dereva wa nyumba hiyo, alikuja mlangoni kuchukua chai. Kwao Kakamega alikuwa mwalimu wa historia.

"Mwalimu, kile kilima cha kwenye picha ni cha wapi?"

"Georgia, Amerika. Bosi alisoma huko."

"Kumbe ni cha Wazungu."

"La. Kilijengwa kabla Wazungu hawajafika. Mababu wa Wakriki, wenyeji wa asili wa huko, walibeba udongo kwa vikapu mpaka kikasimama. Milimani waliishi wenyeji wengine, Wacheroki. Walikuwa na miji. Walipanda mahindi, maharagwe na maboga pamoja."

"Kama mama yangu."

"Na shamba lilikuwa la mwanamke. Nyumba pia."

Metrine alicheka. "Kwetu wazee wangezimia."

Akashika hindi moja ale.

"Wao wasingekula bado," Gilbert alisema. "Mahindi mapya yalikuwa na sikukuu yake. Walifagia nyumba. Walizima moto wa zamani, wakawasha mpya. Walisameheana makosa ya mwaka mzima, isipokuwa kuua. Ndipo wakala."

Metrine akaliweka hindi chini. Alimkumbuka mdogo wake. Rael alifanya kazi Jeddah. Metrine ndiye aliyemwita, akamwambia kazi ni nzuri. Rael akaangukia nyumba ngumu, hana hata siku ya kupumzika. Alimlaumu dada yake, wakagombana. Miaka miwili hawakuzungumza. Kesho yake Rael angepanda ndege kurudi Kenya, halas, harudi tena.

Alimweleza Gilbert yote. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Yeye ndiye anipigie."

"Kwa wale, hata wakubwa walisamehewa." Gilbert akachukua chai yake. "Lakini ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi naenda kuosha gari."

Metrine alifagia jikoni, kona zote. Akazima gesi. Akakaa kidogo. Akaiwasha tena, kisha akapiga simu.

"Rael, ni mimi. Nilikuambia kazi ni nzuri, na sikujua. Nilikuwa mpweke huku. Nilitaka tu uwe karibu. Nisamehe."



"Dada," Rael alisema, "nilidhani nitaondoka bila kukusikia."

Walilia kidogo. Wakaongea juu ya mama na maboga yake. Rael akaahidi kumwambia mama kwamba wamepatana.

Gilbert aliporudisha kikombe, alimkuta Metrine akijifuta macho.

"Mmepatana?"

"Tumepatana, Mwalimu."

"Basi kapu langu liko wapi?"

Metrine akalivunja lile hindi, akampa nusu. Lilikuwa limepoa, nalo lilikuwa tamu.