Sponji ya Kiti cha Nyuma

Asubuhi ile Pua alipoweka kiganja juu ya kiti cha nyuma cha teksi, alikikuta kimelowa, na majimaji yale yalikuwa na joto. Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado halijafika kwenye kibanda chake cha kazi. Lilikuwa joto la mahali alipokuwa ameketi mtu, akainuka sasa hivi. Alitazama nyuma yake, akachungulia chini ya gari, kisha akajicheka, kwa kuwa milango yote ilikuwa imefungwa na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Jina la Pua alipewa na mafundi wa gereji ya jirani, naye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kusafisha viti vya magari: maziwa yaliyochacha, matapishi ya walevi, na zaidi ya yote mikojo, ya watoto na ya watu wazima wanaosingizia watoto. Wapo wenzake waliokuwa wakimwaga manukato juu ya uvundo, wakamkabidhi mteja gari linalonuka kama choo kilichopakwa poda. Pua hakuwa wa hivyo. Yeye alikandamiza vitambaa vikavu juu ya doa mpaka vikanywa, wala hakusugua, maana kusugua ni kuupeleka mkojo ndani zaidi. Baada ya hapo siki iliyotiwa maji, kisha unga wa magadi unaoachwa juu mpaka ukauke, kisha mashine ya kunyonya. Mwisho aliinama, akagusisha pua kwenye kitambaa, akavuta pumzi. Pua ikikubali, gari linaondoka. Ikikataa, anaanza upya.

Kiti cha ile teksi kilikataa. Jioni alikiacha kikavu, asubuhi akakikuta kimelowa palepale, nyuma ya mahali pa dereva, duara la ukubwa wa sinia. Dereva alikuwa amesema ni mtoto wa abiria. Lakini Pua aliujua mkojo wa mtoto, na huu haukuwa wa mtoto. Ulikuwa mkojo wa zamani, mchungu, wenye harufu ya udongo wa chini ya nyumba, na kila alipovuta pumzi kuunusa alihisi kana kwamba kuna mtu upande wa pili wa kitambaa, naye anavuta.

Mwishowe akafanya alichofanya kiti kinapomshinda kabisa. Akafumua kitambaa, akang'oa sponji yote, akatia mpya, akashona. Kesho yake kiti kilikuwa kikavu. Dereva alimshukuru huku amemshika mikono yote miwili, akawasha gari na kutoweka kabla hata Pua hajamaliza kumweleza namna ya kulitunza.

Ikabaki sponji ya zamani. Sasa, mafundi wa viti wana ugonjwa wao mmoja: hawatupi sponji. Sponji ya gari ni ngumu, nzito, haibonyei ikabaki bapa kama hizi za madukani, na fundi akiiona jalalani moyo unamuuma. Upande ulioharibika anaukata, uliobaki anaufua, unakuwa mto au kiti cha sebuleni. Pua akaikata, kipande kibovu akakitia motoni na takataka, akaifua iliyobaki kwa siki, akaianika mpaka ikakauka kabisa. Akainusa, pua ikakubali. Na nyumbani kulikuwa na mtu aliyeahidiwa godoro.

Mtu huyo alikuwa binti yake wa pekee, mwanafunzi wa darasa la kwanza, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno, hata baba yake akamwita Chiriku. Chiriku alikuwa kikojozi. Mama yake alikuwa amejaribu kumwamsha, kumnyima maji ya jioni, kumtania, kumbembeleza, na kumtandikia nailoni iliyopiga kelele kila alipojigeuza. Akamwahidi kwamba akiacha, atapata godoro lake mwenyewe, jipya, lisilo na nailoni. Na kweli mtoto akaacha. Pua akashona vipande vya ile sponji ndani ya kitambaa cha maua, akalileta godoro hilo nyumbani na kusema amelinunua. Alidanganya kwa sababu mkewe asingekubali mtoto alalie makapi ya magari, na kwa sababu Chiriku alikuwa amekwisha kulitangazia darasa zima godoro jipya. Ulikuwa uwongo mdogo, wa mapenzi, na ndio uliomponza mtoto.

Asubuhi ya kwanza godoro lilikuwa limelowa.

Mama alifua tu. Ilipojirudia akaguna. Ilipojirudia tena akamweka mtoto kitako, na Chiriku alipoapa kwamba hakukojoa, mama akamwambia kwamba kikojozi ana nafuu kuliko kikojozi mwongo. Akampeleka uani akaanike shuka kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wakienda shule. Walicheka, kama watoto wachekavyo. Nguo ya kulalia ya Chiriku ilikuwa kavu, lakini hakuna aliyeitazama isipokuwa baba yake.

Pua alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, na harufu ilikuwa imemfikia kabla hajavuka kizingiti: uchungu ule, udongo ule wa chini ya nyumba. Akainama, akaweka kiganja juu ya godoro. Lilikuwa na joto. Duara lilikuwa kando ya mahali alipolala mtoto, wala si chini yake, na ukubwa wake ulikuwa wa sinia. Ilitosha aseme neno moja tu, mama amwombe mtoto radhi na godoro litoke nje. Lakini neno hilo lilikuwa na maneno mengine nyuma yake, na mkewe alikuwa amekwisha kasirika.

"Atazoea," akasema. "Si unajua tena, godoro jipya."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Pua alikuwa akiwaambia methali hiyo wateja wake kila siku.

Tangu hapo Chiriku akaanza kupungukiwa na maneno. Akitoka shule alikwenda moja kwa moja chumbani, akafunga mlango, na ukitega sikio ungesikia anajibu kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetumwa na mkubwa: ndiyo, haya, nimesogea. Jioni moja Pua alikuwa akipita ukumbini, na akasikia kitu alichokifahamu kuliko alivyofahamu sauti yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekisikia maisha yake yote ya kazi: sauti ya sponji iliyolowa ikiminywa polepole, maji yakitoka kwa mlio wa nyoka, hivi ndivyo inavyolia mtu mzito anapoikalia, naye akajua kwamba binti yake hana uzito wa kuiminya sponji ya gari namna ile, akasukuma mlango, akamkuta Chiriku amekaa kwenye ukingo kabisa wa godoro, mgongo umebanwa ukutani, na katikati ya godoro pamebonyea, na pale palipobonyea pakaanza kuinuka taratibu mbele ya macho yake, mpaka pakawa sawasawa.

"Unaongea na nani, mama?" alinong'ona.

"Hajaniambia jina."

"Anataka nini?"

"Nafasi," Chiriku akasema. "Kila siku ananiambia nisogee kidogo. Nimefika ukutani, baba."

Pua alimbeba akamtoa nje, akamwachia mama yake bila kueleza kitu, akaenda kumtafuta dereva wa teksi kwenye kituo chake. Dereva hakumzungusha sana. Alikuwa ameuchoka mzigo wa siri ile. Alisema alipakia abiria kando ya barabara jua likizama, mtu aliyejifunika gubigubi, wala hakusema anakwenda wapi ila twende tu. Waliendesha mpaka mafuta yakakaribia kuisha. Dereva alipogeuka amuulize, kiti kilikuwa kitupu na kimelowa, na bado kilikuwa na joto. Tangu siku hiyo hakuwahi kuendesha peke yake.

"Kwa nini hukuniambia?" Pua aliuliza.

"Ningekwambia, ungelipokea gari?" Kisha dereva akamtazama kwa huruma. "Ile sponji uliitupa wapi, fundi?"

Pua alikuwa amekwisha geuka. Alirudi nyumbani mbio, akalivuta lile godoro la maua mpaka nyuma ya kibanda chake, akalimwagia petroli na kulichoma. Lilichelewa kushika moto, nalo lilipoungua lilifoka maji mpaka mwisho. Alilikoroga mpaka hakikubaki kitu ila majivu. Ndipo akaenda kumwambia mkewe ukweli wote, kichwa chini, na mkewe hakumtukana. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akamshika nyayo, akasema, "Nisamehe, mwanangu." Kulipopambazuka Chiriku alikuwa kwenye mkeka sakafuni, amejibana ukutani. Kando yake mkeka ulikuwa umelowa, una joto.

Wakamwita mganga. Alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, aliyekuja na vifaa vyake ndani ya mkoba wa shule, na hakuwa na mbwembwe. Alifukiza chumba, akasoma alichosoma, akakaa chini mkabala na Chiriku. Hakuomba kiumbe kile kiseme. Alimwomba mtoto amsemee. Akamuuliza kama mgeni yuko tayari kurudi alikotoka.

Chiriku alisikiliza kidogo. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ya kila siku, na hilo ndilo lililomfanya mama yake arudi nyuma hatua moja.

"Anasema yuko tayari. Anauliza kiti chake kiko wapi."

Wote wakamgeukia Pua.

"Nimekichoma," Pua akasema.

Mganga akafuta pua kwa leso, akaikunja taratibu, akairudisha mfukoni. Alisema kwamba jini hafukuzwi, hurudishwa. Ungemletea hata kipande cha ile sponji, hata kile kilicholowa, angekiingia na ungekwenda kukitelekeza mbali. "Umemchomea mtu nyumba, fundi," akasema. "Sasa nimwambie aende wapi?"

Pua akasema aje kwake. Mwili wake ni mkubwa kuliko wa mtoto, nafasi ipo. Akapiga magoti, akabandika uso kwenye ule mkeka uliolowa, akavuta pumzi kama avutavyo mtu aliyeibuka kutoka majini, akavuta tena na tena mpaka akapaliwa, machozi yakimtoka, huku mkewe amemshika shati kwa nyuma na akimsihi kwa sauti ya chini aache, na mganga ametulia tu akimtazama mtoto, kwa kuwa jibu lingetoka kwa mtoto.

"Hataki," Chiriku akasema. "Anasema wewe ndiye uliyemtandikia hapa."

Mganga aliendelea na dua zake mpaka sauti ikamkauka. Alipofunga mkoba hakusema ameshinda, wala hakusema ameshindwa. Alisema tu watazame asubuhi.

Asubuhi mkeka ulikuwa mkavu.

Mama aliupapasa wote, pembe kwa pembe, akaupapasa tena, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Chiriku alikuwa amelala katikati ya mkeka, mikono ameitandaza, hajabanwa na ukuta wala na yeyote. Aliamka, akatabasamu, akasema ana njaa. Pua akamnyanyua, akamkumbatia, na kwa mazoea akaizamisha pua yake kwenye nywele za binti yake, pale utosini, alipomnusa tangu siku alipozaliwa.

Harufu ya mtoto haikuwepo. Alivuta pumzi kwa nguvu zaidi akiitafuta, hata kidogo tu, jasho la usingizi, mafuta ya nywele, chochote. Kulikuwa na udongo wa chini ya nyumba, na ule uchungu wa zamani, umejaa tele, hadi ndani kabisa. Mikono midogo ikamzunguka shingoni, ikatulia.

"Baba Chiriku," mkewe akamwita. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukesha, na usoni kulikuwa na furaha ambayo Pua hakuwa ameiona kwa siku nyingi. "Wewe ndiye mwenye pua. Unasikia harufu yoyote?"

Pua akauinua uso wake kutoka kwenye nywele za mtoto.

"Hapana," akasema. "Hakuna harufu."

Mkewe akampokea mtoto, akambusu shavu hili na hili, akaenda naye jikoni kumtafutia chakula.