Picha ya Saa Moja

Jioni moja, giza likiingia, nilikuwa nakwenda kununua mkate. Nikakutana na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mlangoni.

"Jipu linaendeleaje?" nikamuuliza.

"Jipu gani, shemeji?"

Nikadhani ananitania. Jana yake, jioni kama hiyo, tulimpiga picha mgongoni, maana aliona haya kwenda hospitali. Tukamtumia daktari kwa mashine yangu. Mimi ni fundi kompyuta, na ubishi ndio ugonjwa wangu: picha za familia hazipiti kwenye mitandao ya watu. Zinapita kwenye mashine yangu iliyoko stoo. Unachagua muda, na muda ukiisha, picha inajifuta. Ile tuliipa saa ishirini na nne.

Diski ya mashine hiyo nilipewa na mjane wa mganga mmoja wa kienyeji. Alininong'oneza, "Humo hakifutwi kitu bure, fundi." Nikamcheka.

"Angalia basi," shemeji akasema, akageuka, akainua blauzi kidogo.

Jipu halikuwepo. Kovu la moto la utotoni halikuwepo. Hata mfereji wa uti wa mgongo... haukuwepo. Ngozi laini tu, kama unga uliokandwa. Nikasikia harufu ya waya ulioungua.

Mke wangu akaita kutoka jikoni. "Baba mtoto, nimemtumia mama picha ya mwanetu. Kwa mashine yako, usije ukanigombeza. Nimeweka saa moja."

"Saa ngapi umetuma?"

"Kitambo kidogo."

Nilikimbilia stoo, nikachomoa umeme, nikang'oa diski. Feni ikanyamaza.

Nikashusha pumzi.

Diski ilikuwa inazunguka mkononi mwangu.

Niliitupa, nikakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa amelala, ngumi shavuni. Miezi minne. Nikambeba, nikambana kifuani. Alikuwa mwepesi... halafu mwepesi zaidi. Alifumbua macho, akanitazama. Niliogopa kupepesa.

Nikapepesa.

Nilibaki nimekumbatia shuka. Lilikuwa na joto bado.

Mke wangu alisimama mlangoni. "Unamlilia nani?" akauliza, kwa upole kabisa.

Hadi leo ni mimi peke yangu ninayemkumbuka mwanetu, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mashine ni yangu.

Lakini alfajiri mke wangu huniamsha. Ananong'ona, kwa hofu, eti nimwambie maziwa haya yanayomlowesha kifua ni ya nani.