Mwanamke wa Pili Kando ya Bahari ya Chumvi

"Huyu wa pili ni nani?"

Dada yangu Machteld aliuliza hivyo Jumanne asubuhi, hapa hapa Amsterdam, ameshika karatasi iliyotoka mtamboni wino haujakauka. Wachapaji walitazamana. Bwana Roelof, mwenye karakana, aliendelea kukata jibini.

Jumatatu ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mimi na Machteld tulikaa dirishani, tukipaka rangi ramani za Nchi Takatifu, zile zinazoshonwa ndani ya Biblia. Kijani kwa Kanaani. Nyekundu kwa Sodoma, inayochorwa ikiungua chini ya maji. Ncha ya brashi tunainyoosha kwa midomo, ndivyo tulivyofundishwa. Na ukingoni mwa Bahari ya Chumvi alisimama mke wa Lutu, yule aliyegeuka nguzo ya chumvi, mdogo kama punje ya shayiri. Yeye hapakwi. Chumvi ni karatasi tupu, ndiyo sheria ya kazi.

Siku hiyo sheria ikanikera.

"Musa kavikwa. Farao anazama na joho lake. Hata ngamia wana matandiko! Mwanamke kageuka kuitazama nyumba yake inavyoungua, basi anyimwe hata gauni?"

"Aeltje, mdomo huo utakuponza," Machteld akacheka.

"Jibu hoja, dada. Usinitishe."

Machteld akachovya brashi. Akamvika mke wa Lutu gauni la buluu. Nilishinda, kama kawaida yangu.

Alipolamba brashi tena, akakunja uso. "Ina chumvi."

"Ni yule samaki uliyemfakamia asubuhi."

Kesho yake karatasi mpya zikatoka na wanawake wawili. Wa kwanza aliitazama Sodoma. Wa pili alitutazama sisi.

Bwana Roelof akapitisha kidole kwenye bamba la shaba lililochongwa ramani ya kuchapia. Hapo alichongwa mwanamke mmoja tu. Pembeni yake palikuwa laini. Akaligonga bamba kwa nyuma, akalisugua, akachapa upya. Wa pili bado alikuwepo. Safari hii alivaa kofia ya Machteld, yenye kiraka sikioni.

Machteld akaanza kunywa maji. Mtungi mzima. Kisha ndoo. Midomo ikapasuka. Jasho lake lilipokauka liliacha unga mweupe shingoni.

Nikamfuata Bwana Roelof. "Yeyusha hilo bamba! Choma karatasi zote!"

"Biblia mia tatu zinasubiri ramani, mwanangu."

"Dada yangu anakufa!"

"Dada yako ana homa. Wewe una domo."

Wachapaji wakacheka. Mtambo ukaendelea.

Alhamisi mchana, jua limejaa dirishani, Machteld akaninong'oneza.

"Mgongoni kuna joto."

"Ni jiko, dada."

"Jiko liko mbele yangu."

Kweli. Lilikuwa mbele yake.

"Mama ananiita, Aeltje. Anaungua."

Mama tulimzika miaka sita iliyopita.

"Usigeuke," nikamwambia. "Nitazame mimi. Dada. Nitazame."

Akanitazama. Machozi hayakutoka. Zilitoka punje za chumvi.

Akageuka.

Nilimshika bega. Bega likamomonyoka mkononi mwangu.

Tulimzoa kwa koleo la makaa. Bwana Roelof alisema ni ugonjwa, kisha akatuma ramani kwa washonaji. Zimeshasambaa Leiden, Haarlem, na kwenye meli nisizozijua.

Moja niliiba ili niichome. Moto uliposhika pembe, nikasikia sauti ya Machteld, ndogo kama ya mbu: "Aeltje, mgongoni." Niliuzima kwa viganja. Tazama makovu. Na itazame karatasi yenyewe: miguuni pa yule wa pili pameanguka brashi. Haikuchongwa, wala hatukuipaka. Ukiigusa, kidole kinatoka na buluu mbichi.

Yumo katika kila moja, mia tatu zote. Kwa hoja yangu ya gauni.

Ukifungua Biblia ukamkuta, tafadhali usiichome. Niletee.