Ekidor Amegawa Mbuzi Wote

"Nusu kilo ya mbavu," Regina alisema bila kuangalia juu, akifungua fundo la leso atoe pesa.

"Hakuna mbavu. Chukua mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Huyo mweupe. Ama ule wa nyuma. Chagua haraka, watu wanangoja."

Regina akainua uso. Haiya! Nywele za Ekidor hazikuwepo. Kichwa kilimeta kama sufuria iliyosuguliwa na majivu. Aproni ya damu hakuna, kisu hakuna, ndoano za nyama zinaning'inia tupu, na foleni nje ya bucha imefika mpaka kwa fundi wa baiskeli. Mama mmoja alikuwa anaondoka mbio na mbuzi begani, akiangalia nyuma kama mwizi.

"Ekidor, umenyoa! Nani amekufa?"

"Tamaa yangu."

"Tamaa ya nini?"

"Ya kila kitu."

"Wewe dada," mzee mmoja akafoka kutoka kwa foleni, "kama hutaki mbuzi, toa njia!"

"Mzee, huyu ni mchumba wangu!"

"Basi ngoja kidogo, labda atakupeana na wewe pia."

Watu wakacheka. Regina hakucheka. Isiolo yote ilijua, huo mwaka wa themanini na sita, kwamba Ekidor Mturkana ana bucha mbili, lori moja, na zizi limejaa kule Leparua. Isiolo yote ilijua pia kwamba Regina, binti ya mzee Nanok, fundi wa nguo kwenye veranda ya duka la Halimo, amemngoja miaka minne alete mahari. Sasa wanyama wa mahari walikuwa wanatoka mlangoni mmoja mmoja, wakilia mee.

Akamvuta Ekidor nyuma ya bucha kwa shati.

"Sema polepole, kama unaongea na mtoto. Ni nini hii?"

"Unamjua Mwalimu Gunapala?"

"Yule wa Sri Lanka, wa hesabu? Wa baiskeli?"

"Huyo. Amenifundisha habari ya Budha. Regina, huyo alikuwa mwana wa mfalme! Jumba anayo, farasi anayo, dhahabu anayo, mke mzuri, mtoto mchanga. Akaona mgonjwa, akaona mzee, akaona maiti. Akajiuliza, hii mali inanisaidia nini? Akaacha yote, akaenda."

"Na mke wake akasema nini?"

Ekidor akapangusa kichwa.

"Nakuuliza. Mke akasema nini?"

"Sijui. Mwalimu hakufika hapo."

"Aa! Hapo ndipo ungeanza kuuliza!"

Ekidor akashusha sauti. "Regina, unakumbuka ukame? Nilinunua ng'ombe ya watu kwa debe ya mahindi. Mtu analia, mimi nafunga kamba. Nikajenga bucha ya pili. Tangu hapo silali vizuri. Nikikaa kimya na Mwalimu, nalala kama mtoto."

Regina alikuwa na matusi matatu mdomoni, tayari kabisa. Akayameza. Hakuwa amejua kwamba huyu mtu halali.

"Kwa hivyo unaenda wapi?"

Ekidor akatoa telegramu mfukoni, imekunjwa mara nne. Regina akaisoma kwa sauti.

"NAFASI YA KUJIFUNZA UTAWA IPO. ONDOKA JUMATATU. LETA RUHUSA YA MAMA. HEKALU, DAR ES SALAAM."

"Mama ameshakubali," Ekidor alisema, macho yanang'aa. "Amesema siku sitakuwa na mnyama hata moja, niende na baraka yake. Leo ni Jumanne. Kufika Jumapili nitakuwa nimemaliza!"

"Na mimi?"

"Wewe utapata mtu mzuri, Regina."

Akarudi kugawa mbuzi.

Jioni hiyo hiyo Regina alifika kwa Mwalimu Gunapala na mkasi wa kushonea mkononi. Alisahau kuuweka chini tu, lakini Mwalimu hakujua hivyo. Alisimama nyuma ya sufuria yake ya dengu.

"Karibu, dada Regina. Hiyo mkasi, tafadhali, iweke mbali."

"Mwalimu, umeniharibia bwana!"

"Mimi? Mimi nilimwambia akae kimya dakika kumi kila asubuhi. Dakika kumi! Kesho yake anakuja hapa amenyoa. Namuuliza kwa nini, anasema, Mwalimu, mimi sifanyi kitu nusu nusu."

"Huyo ndiye Ekidor. Alipojifunza kuendesha baiskeli alienda nayo mpaka Garbatulla."

Mwalimu akacheka, akamkaribisha stuli.

"Dada, njia hii ni nzuri. Siwezi kukudanganya. Lakini si kila mtu lazima avae nguo ya mtawa. Mimi nina mke na watoto watatu kule kwetu Kandy, Sri Lanka. Mtu anaweza kuwa na nyumba, asiue, asiibe, asidanganye, agawe alicho nacho, na akae kimya asubuhi. Hiyo pia ni njia. Nimemwambia. Hasikii. Mapenzi mapya hayasikii."

"Na asipopata ruhusa ya mama?"

"Hawatampokea. Hiyo ni sheria ya zamani sana."

Regina akarudi nyumbani kwa miguu, akili inazunguka kama gurudumu la cherehani. Mnyama hata moja. Mnyama hata moja. Alipofika kwenye kisima akasimama, akaanza kucheka peke yake hadi wateka maji wakamwangalia.

Ekidor amesahau yeye ni Mturkana! Kwetu mbuzi ukimpa mtu, hujampoteza. Umempanda kama mbegu. Aliyepokea ni rafiki yako wa mifugo mpaka kifo, na siku ukitangaza mahari, kila aliyewahi kupokea kwako anakuja na mnyama wake. Na mnyama wa mahari harudi nyuma. Ukimkataa, umemtemea mwenzako mate usoni. Yule mjinga amepanda nusu ya wilaya kwa siku moja! Na mama yake, yule mama mtulivu anayenusa tumbako tu, alijua tangu mwanzo kwamba wanyama hawatamwisha.

Kulipokucha Jumatano, Warfa alikuwa anapakia sukari kwenye lori mbele ya duka la Halimo. Warfa ni Msomali wa hapo hapo mjini, mjukuu wa askari wa zamani wa Waingereza, dereva wa Merti na Garbatulla, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko lori.

"Warfa, nataka unipelekee neno."

"Abaayo, dada yangu, neno halina nauli. Sema."

"Kila unapopita, waambie Ekidor hana kitu tena. Na waambie Jumapili anatoa mahari yangu."

Warfa akashusha gunia. "Ni kweli?"

"Nusu."

"Nusu gani?"

"Wewe peleka tu!"

"Wallahi, Regina, hii nitapeleka bure, na bado nitaiongeza chumvi."

Ijumaa mchana simu ya dukani ikalia. Halimo akapokea, akaiweka mbali na sikio, akamwita Regina.

"Halo! Halo! Isiolo?"

"Warfa, usipige kelele, nakusikia!"

"Niko Garbatulla! Abaayo, umefanya nini? Mzee Kalicha wa Borana anasema Ekidor amemrudishia juzi ng'ombe wawili wa ule ukame. Anataka kuleta ngamia! Wengine wananisimamisha njiani, wananiuliza lori ina nafasi ngapi!"

"Ni wengi?"

"Wengi? Nimekaa na kondoo kwa kiti ya mbele!"

Simu ikakatika. Regina akarudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati kwenye kola. Furaha ilikuwa inamtekenya, na hofu pia. Kwa sababu akili ya mtu unaweza kuifunga kwa hila, lakini moyo je?

Jumapili saa tatu asubuhi, nyumbani kwa mama yake Ekidor, upande wa njia ya Leparua, Ekidor alikuwa ameketi chini ya ukuta, mkoba mmoja kando yake. Ndani ya mkoba shuka moja na bakuli.

"Mama, nimemaliza. Bucha nimefunga. Lori nimewapa watu wa kisima wabebe maji. Mnyama sina hata moja."

"Hata kuku?"

"Hata kuku."

"Sawa," mama akasema, akanusa tumbako. "Hebu sikiliza. Hiyo ni kengele?"

Ilikuwa kengele. Kisha kengele kumi. Kisha vumbi likainuka kama moto wa nyika, na ndani ya vumbi mbuzi, kondoo wa kichwa cheusi, ng'ombe, punda, watu wanaimba, wanawake wanaruka, fimbo juu! Nyuma yao lori ya Warfa inapiga honi bila kupumzika, na ngamia watatu nyuma ya lori wanatembea kama wakubwa wa serikali.

"Ekidor!" Kalicha alipaza sauti. "Umesema huna kitu? Shika hii!"

Akamwekea kamba ya ngamia mkononi. Kabla hajasema neno, mtu mwingine akamwekea ya ng'ombe. Mama mmoja akamrushia mbuzi kifuani. Ilikuwa mbuzi ile ile aliyempa Jumanne, na mwenzake juu.

"Ngojeni! Ngojeni, jamani! Mimi sitaki kitu!"

"Mahari haisemi sitaki!"

"Mahari gani? Nani amesema natoa mahari?"

Hapo mzee Nanok, baba yake Regina, akatokea na kigoda chake mkononi, amekasirika kweli kweli. "Hata mimi nauliza! Binti yangu anatolewa mahari, mimi baba ndiye wa mwisho kujua?"

 Watu wote wakamwangalia Warfa. Warfa akaangalia tairi.

"Ni mimi," Regina akasema.

Akapita katikati ya mbuzi mpaka mbele ya Ekidor. 

"Nilidanganya. Ekidor hakutangaza mahari. Kesho anaenda Dar es Salaam kuwa mtawa. Nilijua mkija hataweza kuwakataa, na mama yake hatamwacha. Baba, nisamehe. Wazee, nisameheni. Chukueni wanyama yenu."

"Regina!" Ekidor alikuwa ameshika kamba saba, jasho linateremka kichwani. "Kwa nini umenifanyia hivi? Mimi natafuta amani, wewe unaniletea ngamia!"

"Kwa sababu umegawa kila kitu mbele ya watu, na kila mtu ulimtazama usoni. Lori umewapa watu wa kisima. Mbuzi umewapa majirani. Mimi ulinigawa kwa nani, Ekidor? Niambie jina lake. Niende kwake!"



Kalicha akakohoa. "Binti, ulisema mambo mawili. Ulisema Ekidor hana kitu. Hiyo ilikuwa uongo?"

"Hapana, mzee. Hiyo ni kweli."

"Basi mimi nimekuja kwa sababu ya hiyo. Ile ya ukame ameisahihisha. Mimi sirudi na ngamia."

"Sirudi!" wengine wakaitikia. "Hakuna anayerudi!"

Ekidor akaketi chini pale pale, kamba mkononi, kama mtu aliyepigwa na jua. Alipoongea, hakuongea na watu. Aliongea na Regina.

"Kesho kuna mabasi mawili. Moja alfajiri, moja saa tatu. Mimi nilikata tiketi ya ile ya alfajiri."

"Ndiyo. Na?"

"Ile ya saa tatu inapita mbele ya cherehani yako."

Regina akashika mdomo.

"Bucha niliifunga nikiimba," Ekidor akaendelea. "Lori nilipeana bila kuangalia nyuma. Lakini kukuona ukishona, halafu nipite... hiyo sikuweza. Nimemuuliza Mwalimu: mwana wa mfalme aliondoka wakati mke wake amelala. Mimi nilisema nimeacha kila kitu, kumbe natoroka."

Mwalimu Gunapala, aliyekuwa amefika na baiskeli bila mtu kumwona, akasema polepole: "Basi leo umeanza kujifunza."

Ekidor akasimama. Akaenda moja kwa moja kwa mzee Nanok, ngamia nyuma, ng'ombe nyuma, kila kitu nyuma, akaweka kamba zote saba kwenye miguu ya mzee.

"Baba, hawa wote ni wako. Sibakishi hata moja. Nampenda binti yako. Nyama sitauza tena, nitauza maharage na chai. Kila asubuhi nitakaa kimya, na Mwalimu atanifundisha. Nikipata kitu nitagawa. Maisha yetu yatakuwa madogo. Regina, hiyo maisha unaitaka? Sema ukweli, mbele ya watu."

"Naitaka! Lakini ukigawa cherehani yangu, nakuua mimi mwenyewe!"

Vicheko vikapasuka. Mama yake Ekidor akafuta machozi, labda ni tumbako. "Mwanangu, sasa huna mnyama kweli. Neno langu ni neno. Ukitaka kwenda, nenda."

"Nimesikia, mama. Ahsante. Nabaki."

Lakini mzee Nanok aliinua fimbo. 

"Ngojeni. Kuna jambo. Ndoa yetu haikamiliki mpaka bwana harusi amchome ng'ombe dume kwa mkuki nyumbani kwangu. Nasikia huyu haui hata siafu. Sasa huyo ng'ombe atakufa kwa uzee?"

Ekidor akamsogelea. "Baba, kuua siwezi. Niliapa mbele ya Mwalimu. Siwezi kuanza ndoa kwa kuvunja kiapo."

Regina akamtazama baba yake. Miaka minne, mbuzi wote hawa, na sasa mkuki mmoja! Nanok akazunguka kundi la wanyama, polepole, akapapasa nundu ya ng'ombe moja, akaangalia meno ya ngamia. Akarudi, akaokota kamba zake saba.

"Mtu aliyeapa na hataki kuvunja hata mbele ya bibi harusi," akasema, "kwa huyo binti yangu hatalala na njaa ya neno la kweli. Mkuki atashika binamu yako. Wewe shika mkono ya huyu."

Ekidor akashika.

"Shika vizuri! Na ole wako nisikie umempa jirani!"

Vigelegele vikapaa mpaka njia ya Leparua. Warfa akapiga honi, ngamia wakashtuka, wakamburuta mzee Nanok na kamba zake saba katikati ya shamba la mihogo la jirani, na Regina, mkono wake umeshikwa sana mpaka unauma, akacheka mpaka akalia.

"Ekidor, unaniumiza."

"Najua," Ekidor akasema, na hakuachilia.