Sauti Nane za Gulwe

Emiliana alishuka basi la Mpwapwa kwenye stendi ya Nanenane, gauni lake la kitenge cha bluu limejaa vumbi. Mbele yake mwanamume alikuwa amepiga magoti, kamera imeelekea viatu vyake.

"Dada, usisogee kwanza."

"Nani kakuruhusu kupiga picha miguu yangu?"

"Uso wako sijaugusa."

"Kwani uso una kasoro gani?"

"Hauna. Ndiyo maana nauogopa."

Alicheka kabla hajajizuia.

Nathanaeli alitengeneza filamu za habari za kweli zisizoonyesha uso wa mtu hata mmoja: mikono, kwato, nguzo za uzio, na juu yake sauti za wenyewe. Sauti hakuzibadili. "Ukiigusa sauti ya mtu umemnyang'anya neno," alisema. Alizionyesha vijijini juu ya shuka lililotundikwa ukutani, kisha akafungasha na kuondoka. Filamu ya mwisho iliwahusu wafugaji wanane wa Gulwe waliokuta malisho yao yamezungushiwa uzio, na mlinzi mwenye bunduki.

Alimpeleka Emiliana huko. Emiliana akala nao ugali, akawaamkia wazee, akajua majina yote.

"Yule wa tatu ndiye anayefunga filamu," Emiliana alisema walipoitazama filamu wawili.

"Umejuaje?"

"Anavuta pumzi kabla ya kila jibu."

"Masikio hayo yatakuponza, mpenzi."

Ndiyo yaliyomlisha. Emiliana alipiga chapa maneno ya kanda za mikutano katika ofisi ndogo ya Area D. Jumatatu moja bosi wake, Bi Zipora, alimletea kazi mpya.

"Mteja anataka na majina ya wasemaji. La kwake mwenyewe hakuliacha."

Emiliana akavaa visikilizio. Mtu alikuwa ameirekodi filamu ya Gulwe kwa simu ilipoonyeshwa kijijini, jenereta ikinguruma. Wanane wote walikuwemo. Wa tisa, aliyeuliza maswali, alikuwa Nathanaeli.

Alhamisi Nathanaeli alipiga simu.

"Emi, nasikia kanda ya Gulwe ipo mezani kwako."

"Ipo."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Siku tatu unakula nami, unacheka nami!"

"Ningekuambia ungekimbilia Gulwe. Mteja bila shaka ni mwenye ule uzio; ana gari, angekufuata mpaka mlangoni kwao."

"Au ulikuwa unamalizia majina?"

Emiliana alikata simu.

Ijumaa Bi Zipora alisoma kurasa zile akiwa amesimama. "Msemaji wa kwanza, hajulikani. Wa pili, hajulikani. Wewe huwa hukosei sauti, Emiliana."

"Safari hii nimekosea, mama."

"Hata huyu anayeuliza maswali?"

"Hata huyo."

Bi Zipora akavua miwani. "Watatafuta mwenye masikio mengine, mwanangu."

Nathanaeli alikuwa getini jioni, shati halijapigwa pasi. Emiliana akampa nakala ya kurasa zile. Akaisoma mpaka mwisho.

"Nisamehe, laazizi."

"Msamaha baadaye. Nyuso uliwafunika, sauti ukawaachia. Mimi niliwatambua kabla sijamaliza kikombe cha chai. Ile ya simu ina kelele za jenereta. Atakayeisikiliza hatakuwa na hakika. Iliyo safi unayo wewe, na wiki ijayo unaionyesha Mpwapwa."

"Unataka niifiche?"

"Toa sauti zao. Maneno yabaki, nitayasoma mimi."

Nathanaeli aliikunja nakala mara mbili. Hakuwahi kuvunja kanuni ile kwa ajili ya mtu.

"Wakitafuta, watapata sauti moja tu. Yako."

"Najua kuhesabu."

"Basi nikuoe kwanza, wakija watukute nyumba moja."

"Turekodi kwanza, kisha ukamwone baba. Na upige pasi shati."

Jumamosi asubuhi walitundika mablanketi ukutani chumbani kwa Nathanaeli, kuzuia mwangwi. Nathanaeli alifuta sauti moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayeng'oa nguzo. Emiliana alikuwa amevaa kitenge kile cha bluu. Alivuta pumzi, kama yule wa tatu.

"Ng'ombe wangu walikunywa hapa tangu enzi za babu," alisoma.

Nje, gari lilipunguza mwendo, likasimama. Nathanaeli akanyoosha mkono kuzima mashine. Emiliana akaushika, asiuachie, akaendelea kusoma.