Nyuzi Ishirini na Tisa

Kipimajoto kilichotundikwa mlangoni pa chumba cha kuoteshea nyanya kilisoma nyuzi ishirini na tisa. Lisingekuwa jambo, ila taa za chumba kile zilikuwa zimekatwa umeme tangu siku ya maziko, miezi miwili sasa. Nyanya zilikuwa zimekauka, zimebaki vijiti. Na asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, baridi ya kuvaa sweta mbili. Mjane alikigonga kwa kucha. Namba haikusogea.

Ilikuwa namba ya mume wake. Sokoni walimwita Ishirini na Tisa, naye aliitika bila kinyongo, maana hakuwa na habari nyingine ya kuwapa watu. Ukimwuliza hali yake, atakueleza hali ya chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya uani. Aliziba kila tundu, akavika kuta nailoni nyeupe, akatundika taa kali juu, na pembeni akasimamisha mtungi wa hewa ya ukaa. Mmea hula hewa hiyo, alieleza kwa yeyote aliyekubali kusimama. Ukiuongezea penye mwanga, hunenepa. Tatizo ni kwamba taa huleta joto, na ukilitoa joto kwa feni, gesi yako nayo inatoka.

"Ukifungua, umemwaga chakula chao. Ukifunga, umewapika," alikuwa akisema.

Miaka mitatu alihangaika na mizani hiyo mpaka akaipata namba. Gesi ikiwepo, nyanya zilivumilia nyuzi ishirini na tisa na kushukuru. Ikifika thelathini na moja, funga gesi, washa feni dakika kumi, kisha ziba upya.

Sheria nyingine ilikuwa ya watu. Hewa ile haina rangi, ni nzito, hulala sakafuni, na anayeivuta kwa wingi hulala nayo. Kwa hiyo hakuingia gesi ikiwa wazi bila mkewe kukaa kwenye kigoda nje ya mlango, akiuliza kila baada ya dakika tano:

"Upo?"

"Nipo."

Mama mkwe, aliyeishi nao na ambaye masikio yake yalisikia kelele tu, alizoea kuwacheka. "Mnaulizana kama mliooana jana! Atakwenda wapi humo, na mlango ni mmoja?"

Siku aliyokufa, kiyoyozi kidogo alichokifunga mwaka huo kiliharibika, na fundi akasema hawezi kuja kabla ya Jumatatu. Kipimajoto kilipanda hadi thelathini na nne. Kufungua hakutaka, maua ndiyo kwanza yalikuwa yanageuka matunda. Akaenda kwa watengeneza aiskrimu, akarudi na sanduku la barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali hugeuka hewa, na hewa yenyewe ni ileile ya ukaa.

"Baridi na chakula katika sanduku moja, mke wangu! Na walisema sikusoma."

Akavitandaza vipande vyote sakafuni, akafunga mlango, akainama kukagua majani ya chini.

Mkewe, kwenye kigoda chake nje, alikuwa akichambua mchele. Aliuliza, akajibiwa. Aliuliza, akajibiwa. Mara nane, bila kuinua uso kutoka kwenye ungo. Mara ya tisa akasema, "Toka basi, mgongo wangu umechoka."

"Nipo," sauti ikajibu.

Hapo ndipo mkono wake uliposimama. Mume wake hakuwa mtu wa kuambiwa atoke akakosa la kubisha. Alipofungua, moshi mweupe ulimwagika miguuni mwake, ukamchoma pua kama soda iliyotikiswa. Alimkuta amelala kifudifudi kati ya mistari ya nyanya, jani moja mkononi. Daktari alisema alikufa katika dakika za mwanzo kabisa. Alisema hivyo ili kumfariji.

Mjane hakumwambia mtu kuhusu majibu yale tisa.

Sasa kipimajoto kilikuwa kimerudi kwenye namba. Saa sita mchana, mvua ilipokatika, harufu ya majani ya nyanya ilitoka chini ya mlango, mbichi na kali, ile inayobaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Humo ndani mlikuwa na vijiti vitupu. Kisha sauti ya mume wake, ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha waliolala:

"Upo?"

Hakuwahi kumwuliza hivyo maishani mwake. Swali lile lilikuwa la mkewe. Mjane aliufunika mdomo kwa mikono miwili, akarudi ndani ya nyumba kinyumenyume.

Siri ukimpa mtu asiyesikia haibaki siri. Ilibidi aipigie kelele. "Nimemsikia, mama! Uani! Ameniita!"

Bibi kizee alimtazama. Hakuogopa. Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyenyimwa.

"Kakuita wewe," alisema. "Mimi niliyemzaa hajaniita."

Mganga aliyekuja alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na daftari la shule. Alikagua chumba, akanusa nailoni, akaketi kwenye kile kigoda.

"Sihitaji kuku wala mbuzi, usianze kunitafutia," alisema. "Niambie tu. Uliuliza mara ngapi, naye ameshakufa?"

Mjane alihesabu kwa vidole. "Nane. Labda tisa."

"Na ulijibiwa mara zote."

"Mara zote."

Mganga akaandika. Kisha akashusha sauti, na mjane akalazimika kusogea. "Chumba kilichozibwa miaka mitatu, hakipati upepo wala jua, hupata mpangaji, mwanangu. Alikuwa kimya humo, anajipatia joto lake. Wewe ukamwuliza yupo. Kila swali lilikuwa mkeka uliomtandikia. Sasa ni zamu yake kuuliza, na atakayemjibu atampa pumzi yake. Ng'oeni mlango, chaneni nailoni, joto litoke. Siku saba asijibiwe na mtu. Ya saba atakwenda zake."

"Na mama?"

Mganga alimtazama bibi kizee aliyekuwa akipepeta mchele mbali nao, akitabasamu kwa jambo lake mwenyewe. "Huyo? Mwenye kusikia ndiye wa kuchungwa."

Wakacheka kidogo, mjane kwa mara ya kwanza tangu maziko. Hata hivyo mjane alimwandikia mama mkwe maonyo yote kwa herufi kubwa, akamsomesha mara mbili. Bibi alikunja karatasi, akaitia kifuani.

Mlango uling'olewa, nailoni ikachanwa, ukuta ukabaki mtupu. Lakini kila saa sita mchana kipimajoto kilipanda, na kila saa sita sauti iliuliza. Siku ya kwanza mjane aliziba masikio kwa pamba. Siku ya tatu alikimbilia barabarani. Siku ya tano sauti ilimwita kwa jina la utani alilokuwa akiitwa na mumewe siku za uchumba, jina ambalo hakuna mtu mwingine aliyelijua, naye akauma upindo wa gauni lake mpaka ukatoboka, akilia, maana hofu angeweza kuishinda lakini hamu ilikuwa inamshinda.

Siku ya saba alimkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mbele ya tundu la mlango, amevaa gauni lake la kutokea.

"Mama, twende ndani! Saa sita inakaribia!"

"Nimekaa."

"Maonyo uliyasoma!"

"Niliyasoma. Yanasema atakayejibu. Siku ile nilikuwa jikoni, mwanangu akifa hatua ishirini kutoka kwangu, mimi naimba." Aliongea bila kumtazama. "Na wewe nimekuona. Leo ungejibu. Usinibishie, nimekuona ukifungua mdomo jana."

Ilikuwa kweli.

Harufu ya majani ikaja, na joto likatoka ndani ya chumba kile kisicho na mlango wala taa, likamfika usoni kama pumzi ya mtu aliyeinama karibu mno, na vile vijiti vikavu vikaanza kutikisika kimoja baada ya kingine kuelekea mlangoni kana kwamba kuna mtu anapita katikati yake akivigusa kwa upole, kama alivyokuwa akivigusa yule aliyevipanda, na mjane akajua kwamba safari hii sauti haitamwita yeye.

"Mama. Upo?"

Bibi kizee, ambaye kwa miaka sita hakusikia redio wala jogoo, aliinua kichwa. Mjane alijirusha kumziba mdomo. Bibi aliushika ule mkono, akautoa taratibu, akauweka magotini pake kama anavyowekwa mtoto.

"Mwana akiita, mama hunyamaza?" alinong'ona. Kisha, kwa sauti kamili: "Nipo, mwanangu. Nipo hapa."

Joto likazimika kana kwamba mtu amepuliza mshumaa. Kipimajoto kikashuka hadi kumi na nane. Bibi alishusha pumzi ndefu, ndefu mno kwa kifua kile chembamba, wala hakuvuta nyingine. Alipoinuliwa, mdomo wake ulinukia majani ya nyanya.

Walimzika pembeni mwa mwanawe. Tangu hapo mjane haitiki akiitwa. Mtu akibisha, hutembea hadi getini, akamwona uso kwanza, ndipo aseme karibu. Jirani husema msiba umempa maringo.

Mwezi wa tatu tangu bibi azikwe, asubuhi ya mvua, alikuja dereva wa kampuni ya gesi kuchukua mtungi mtupu. Alikuwa mgeni wa njia hiyo, kijana mchangamfu.

"Afadhali leo nimekukuta, dada. Jana nilipita saa sita, nikaita hapa getini, 'Mama, upo?' Bibi wa uani akaniitikia vizuri kabisa. 'Nipo, mwanangu.' Nikangoja, wapi! Hakutoka."

Mjane aliishika nguzo ya geti. "Uliita mara ngapi?"

"Mara tatu hivi."

"Na akajibu mara ngapi?"

"Zote. Kwani bibi mgonjwa?"

Alikuwa akiutazama mkono wa dereva. Mvua ilikuwa ikinyesha, mjane alikuwa amevaa sweta mbili, na kijana yule alikuwa anajifuta jasho.