Chumvi ya Ng'ambo ya Rukwa

Haya yalimpata rafiki yangu Ezron, wa Msangano, enzi za Mwingereza, mwaka ule Ziwa Rukwa lilipokauka hata watu wakalivuka kwa miguu. Alikuwa ametoka kumzika mkewe, na chumvi ya kuwapikia waombolezaji ikawa imekwisha. Akaenda ng'ambo kuitafuta, yeye na shemeji yake, Yonasi.

Wakati wa kurudi, mchana, vumbi lilinyanyuka kutoka kitako cha ziwa, jua likafichika kabisa. Wakashikana mikono, wakatembea gizani. Ndipo wakasikia kafi likipiga maji nyuma yao, taratibu, kama la mtu asiye na haraka.

"Shemeji, unasikia?" Yonasi alinong'ona.

"Nasikia. Twende tu."

Ezron aliniambia hakuogopa. Tangu mazishi hakuwa na moyo wa kuogopa kitu. Sauti ile iliwakaribia sana, kisha ikanyamaza.

Vumbi lilipotulia, waligeuka. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu pande zote. Lakini mfuo mpana wa mtumbwi ulikuwa umefuata nyayo zao kutoka mbali, ukakoma kwenye visigino vya Ezron. Ndani yake tope lilikuwa bichi, na maji yalikuwa yakijikusanya polepole.